Akili na Wepesi wa Kufunzwa

Katika lugha yetu maneno ya kumsifu mtoto ni mengi. Twasema ni msikivu, ni mtiifu, ni mwepesi wa kushika, ni mwerevu, ana akili. Maneno haya yakisemwa haraka haraka huonekana kana kwamba yote ni mamoja, na mara nyingi wazazi na walimu hulitumia moja badala ya jingine. Mtoto akiambiwa jambo mara moja akalishika, twasema ana akili. Akiambiwa mara tatu naye bado anauliza kwa nini, twasema ni mzito, na wengine huongeza kwamba ni mkaidi. Katika makala haya tunakusudia kuyatenganisha mambo mawili ambayo mazoea yameyafunga katika furushi moja, yaani kuwa na akili na kuwa mwepesi wa kufunzwa. Hatufanyi hivyo kwa kupenda kucheza na maneno. Kosa la kuyachanganya mambo haya limekwisha kuwagharimu watu wengi, na sisi wenyewe, kama tutakavyokiri hapo mbele, tuna deni katika kosa hilo.

Wazee waliotuachia methali hawakuyachanganya. Walisema, "Samaki mkunje angali mbichi," na hapo walikuwa wakinena juu ya mafunzo. Samaki haulizwi akunjwe upande gani. Shauri hilo ni la mkono unaomkunja. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Nywele zaweza kukatwa, kuchanwa na kusukwa na mtu mwingine kwa namna aipendayo, ila hakuna kinyozi wala msusi awezaye kuziotesha. Humea zenyewe katika kichwa cha mwenyewe. Methali ya kwanza yatuonyesha kazi ya mlezi, na ya pili yatuonyesha mpaka wa kazi hiyo.

Na tuanze na wanyama, maana kwao tofauti tunayoitafuta haifunikwi na adabu wala vyeti. Mwaka 1994 mtaalamu wa saikolojia nchini Kanada, Stanley Coren, alitoa kitabu juu ya akili ya mbwa. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utiifu wa mbwa katika Marekani na Kanada wazipime aina za mbwa kwa kadiri zinavyoshika na kutii amri, na kutokana na majibu yao akatengeneza safu yenye nafasi 79. Nafasi ya kwanza alipewa mbwa wa kuchungia kondoo ambaye asili yake ni mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Nafasi ya 78, yaani ya pili kutoka mwisho, alipewa mbwa wa Kongo aitwaye Basenji. Coren mwenyewe alieleza kwamba utiifu ni aina moja tu ya akili miongoni mwa nyingine. Lakini safu ile ilipopita mikononi mwa watu, maelezo yalidondoka njiani ikabaki safu peke yake: huyu ana akili, huyu hana.

Basi huyo mbwa wa Kongo ni mbwa gani? Ni mbwa wa kuwinda. Habweki kama mbwa wengine, na kwa sababu hiyo wawindaji wa msituni humfunga shingoni kengele ya mti ili wajue yuko wapi. Akiisha kuingia kichakani, hauoni tena mkono wa bwana wake. Yeye ndiye anayeamua apite wapi, asimame wapi, na amtoe mnyama kwa upande gani. Mnyama aliyezoea kujiamulia hivyo, akiambiwa "kaa" katikati ya uwanja mtupu, hukawia. Huenda haoni faida ya kukaa. Jina lake nalo lina fundisho. Limetoka katika lugha za Kongo, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi", neno ambalo watu wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara. Hivyo mnyama huyu alidharauliwa mara mbili, kwanza kwa jina, kisha kwa nafasi. Na mara zote mbili aliyemdharau ni mtu aliyesimama mbali na msitu.

Kipimo cha utiifu humpima mpimwa kwa haja za mtoa amri. Kipimo hicho si cha uongo, maana kasi ya kutii hupimika kweli. Uongo huingia pale kinapoitwa kipimo cha akili. Nasi Watanzania tuna sababu ya kuujua uongo huo kuliko wengine. Wakati wa ukoloni mtumishi aliyejifunza upesi kuandaa meza ya bwana wake alisifiwa kuwa ni mwerevu, ilhali mkulima ajuaye udongo wake na majira ya mvua aliitwa mjinga pale aliposita kufuata amri. Mwaka 1955 Waluguru walikataa kuendelea kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuyachimba katika milima yao. Kazi ilikuwa nzito, na kuchimba kule kulipandisha juu udongo wa chini usio na rutuba. Mbele ya watawala, Waluguru walionekana watu wasiofundishika. Lakini mlima walikuwa wakiujua wao.

Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa Machi 1967, alieleza kwamba shule za kikoloni zilikusudiwa kutoa makarani na maofisa wadogo wa kuitumikia serikali ya kigeni. Akataka elimu yetu imjengee mwanafunzi moyo wa kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua lipi la kulikubali na lipi la kulikataa, na imani katika nafsi yake akiwa mtu huru miongoni mwa watu walio sawa. Tukiyatazama mambo hayo, tutaona kwamba hakuna hata moja linaloweza kupimwa kwa kasi ya kutii.

Hata hivyo haifai msomaji aondoke hapa na dhana kwamba tunayatweza mafunzo. Chini ya milima hiyo hiyo ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000 kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Mafunzo huchukua takriban miezi 9. Panya afanyapo lililotakiwa, husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Na hatua kwa hatua hujifunza kwamba harufu ile ndiyo iletayo ndizi. Kwa kuwa ni mwepesi wa mwili, hupita juu ya bomu pasipo kulilipua. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amekwisha kugundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza la kuwahudumia wanyama lilimtunukia nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022.

Nani awezaye kuyadharau mafunzo ya namna hiyo? Wako watoto wanaotembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu panya wa Morogoro alikuwa mwepesi wa kufunzwa. Lakini tujiulize, Magawa alijua nini? Aliijua harufu, na aliijua ndizi. Hakuijua vita, wala bomu, wala mtoto aliyesalimika. Wema wote wa kazi yake ulikuwa katika vichwa vya wale walioichagua harufu ya kumfunza. Pua ile ile ingeweza kufunzwa kazi ovu, nayo ingeitenda kwa bidii ile ile na kwa ndizi ile ile.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo letu. Wepesi wa kufunzwa ni uwezo wa kulipokea lengo lililowekwa na mwingine na kulitimiza bila kuchelewa. Akili ni uwezo wa kulitazama lengo lenyewe: kuuliza linafaa nini, linamdhuru nani, na kama hali iliyo mbele yetu ni ile ile aliyoifikiria mtoa amri. Ndiyo maana tofauti hii si ya elimu tu, bali ni ya maadili pia. Aliyefunzwa tu, akitenda ovu, hulirudisha kwa mkufunzi wake akisema, "Hivyo ndivyo nilivyoambiwa." Mwenye akili hana pa kulirudisha. Ametazama, amepima, ametenda; basi jambo ni lake, na atalijibu yeye.

Mwanafunzi aweza kusema: sisi si panya, nasi hatufunzwi kwa ndizi. Tumsimulie basi habari ya farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hisabati, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans. Farasi huyo akiulizwa tano na tatu ni ngapi, alipiga ukwato chini mara nane. Watu walifurika kumtazama, na mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza isione hila yoyote. Kisha Oskar Pfungst akamjaribu kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1907 akayachapisha aliyoyaona. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua. Hans asipoweza kumwona muulizaji, alishindwa. Hesabu hakuijua hata kidogo. Alichokijua ni mwili wa mtu. Idadi ya mapigo ilipofika kwenye jibu, muulizaji aliinua kichwa kidogo sana, pasipo mwenyewe kujijua, na hapo Hans akaacha kupiga. Von Osten hakuwa mdanganyifu. Yeye mwenyewe alikuwa amedanganyika na farasi wake.

Tunawauliza walimu: je, Hans hayumo darasani mwenu? Mwalimu amwuliza mwanafunzi Mto Rufiji unamwaga maji yake wapi. Mwanafunzi asimama na kuanza pole pole, "Mto Rufiji unamwaga maji yake katika Ziwa..." Aona nyusi za mwalimu zimekutana. "...hapana, katika Bahari..." Nyusi zaachana. "...katika Bahari ya Hindi, mwalimu." Mwalimu asema vema, keti. Darasa laendelea, na sote twaamini kwamba jiografia imefundishwa. Kisha mwalimu auliza, "Mmeelewa?" na darasa zima laitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!"

Tusiseme kwamba mwanafunzi yule hana akili. Anayo, tena kali, kama alivyokuwa nayo Hans kwa namna yake. Lakini tumeizoeza kutazama uso wetu badala ya kuutazama mto. Miaka michache baadaye atapewa karatasi ya mtihani isiyokuwa na nyusi, naye atatafuta uso mwingine wa kuusoma. Atakariri mitihani ya miaka iliyopita mpaka ajue mtungaji hupenda kuuliza nini. Akifaulu ataingia kazini, na huko atausoma uso wa mkubwa wake. Hivyo mtu aweza kupita shule, ofisi na uzee akiwa amejibu kila swali sawasawa, asiwe ameutazama mto hata siku moja.

Sasa tumlete mwanafunzi wa namna nyingine, ambaye habari yake yapasa kujulikana katika kila shule ya sekondari nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza ndipo yatiwe katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa karibu kwisha, naye Mpemba akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado hayajaganda. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mwanafunzi mwepesi wa kufunzwa angekomea hapo. Angeandika katika daftari kwamba kitu cha baridi huganda kwanza, na angepata alama zake. Mpemba hakukomea hapo. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Aliingia maabara akajaribu mwenyewe kwa maji. Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule ile, na Mpemba akamwuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimcheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi chuoni akamkabidhi fundi wake wa maabara kazi hiyo. Fundi akaja na habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda kweli, ila akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Fundi yule alikuwa amefunzwa vizuri mno. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao kwa pamoja, na jina la kijana aliyechekwa likaingia katika vitabu vya fizikia vya dunia.

Hapa twataka kutahadharisha. Hata leo wanasayansi hawajakubaliana juu ya jambo lile. Wako walioliona katika majaribio yao na wako ambao hawakuliona. Hilo halipunguzi hoja yetu, bali laitia nguvu, maana akili si dhamana ya kuwa sahihi daima. Wala akili si ukaidi. Mkaidi hukataa kufunzwa na hukataa kusahihishwa pia. Amefunga milango yote miwili. Mpemba hakusema, "Mwalimu ni mwongo." Alisema, "Mimi nimeona. Tafadhali na tutazame tena." Alikuwa tayari jaribio limhukumu. Kijana asomaye makala haya asije akavunja sheria za shule kesho asubuhi akadai kwamba ametumia akili. Kwanza ajiulize ametazama nini, amepima nini, na yu tayari kujibu nini.

Je, mambo haya mawili hukaa pamoja namna gani? Sisi tumekuwa tukitunga mashairi kwa miaka mingi, na twaona mfano mzuri katika sanaa hiyo. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 upande huu na 8 upande wa pili, na vina vya kati na vya mwisho. Kijana msikivu aweza kufunzwa kanuni hizi kwa wiki chache, na hapana budi afunzwe. Asiyezijua hana pa kushika. Ni kama seremala asiye na futi. Tumewaona vijana waliozidharau kanuni wakidai kwamba vipaji vyao havitaki pingu, na tumeona kwamba mara nyingi walichokiita uhuru kilikuwa uvivu.

Lakini wale walioshika kanuni zote nao hukutana na siku yao. Mtunzi amefika mwisho wa mshororo, na kina kinampa neno lililo tayari. Mizani imetimia, kina kimekubali, mwalimu hataona kosa lolote. Ila neno lile si kweli. Si lile alilokusudia kusema juu ya mama yake au juu ya njaa ya mwaka ule. Aliyefunzwa tu hulichukua neno na kwenda zake kulala. Mwenye akili huubomoa ubeti mzima, akaanza upya, akitafuta namna ya kutimiza kanuni pasipo kusema uongo. Kanuni alizipata kwa mwalimu. Uchungu wa kuubomoa ubeti hakufundishwa na mtu.

Sasa tulipe deni tuliloahidi. Miaka mingi iliyopita tulikuwa karani kijana katika ofisi ambayo hatutaitaja. Kazi yetu ilikuwa kukagua hati za warithi wa watumishi waliofariki. Tulifunzwa kazi hiyo kwa wiki mbili tu na tukaishika barabara, hata wakubwa wakatusifu. Agizo lilikuwa jepesi: jina la mjane katika cheti cha ndoa lilingane na lile lililomo katika jalada la marehemu, yasipolingana, hati zirudishwe. Akaja mama mmoja mtu mzima. Katika cheti jina lake lilikuwa limeandikwa Mwanahamisi, na katika jalada limeandikwa Mwanahamis. Tulimrudisha. Akaenda kwao, akarejea baada ya wiki mbili na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Barua ya mwenyekiti haikuwamo katika orodha yetu ya hati zinazokubaliwa, tukamrudisha tena. Mara ya tatu hakuingia ndani. Aliketi nje kwenye benchi, kwa kuwa hakujua tena aingie aseme nini.

Ofisini palikuwa na tarishi, mzee aliyesoma hadi darasa la nne. Aliingia na majalada mkononi, akayaweka mezani, akasema, "Bwana mdogo, huyo mama aliye hapo nje ana majina mawili, au alikuwa na makarani wawili?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema, "Mzee, agizo ndilo hilo."

"Agizo nalijua," akasema. "Mpelekeni kwa hakimu akale kiapo kwamba majina yote mawili ni yake. Zamani tulikuwa tukifanya hivyo."

Tulimwuliza mkuu wetu, naye akasema bila kuinua macho kwamba hati ya kiapo inakubalika, kwani hatukujua? Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Na hatukuuliza kwa sababu hakuna aliyetufunza kuuliza. Mama yule alilipwa haki yake. Mwisho wa mwaka ule sisi tulitajwa kuwa karani asiyekosea, na tarishi aliendelea kubeba majalada.

Kwa miaka mingi tulijifariji kwa kusema kwamba tulikuwa kijana na akili ilikuwa haijakomaa. Leo twaona kwamba faraja hiyo si ya haki. Tangu siku ya kwanza tulipomtazama mama yule tulijua kwamba Mwanahamisi na Mwanahamis ni mtu mmoja. Akili ilikuwapo, nayo ilikwisha kusema. Ni sisi tulioinyamazisha, maana agizo lilitupa mahali pa kujificha, na mahali hapo palikuwa pa raha, penye sifa na usalama. Hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike kuliko yote. Hatari ya wepesi wa kufunzwa si kwamba humwondolea mtu akili. Humpa ruhusa ya kutoitumia, kisha humsifu kwa kutoitumia.

Kwa walimu, basi, tuna ombi. Mwanafunzi ashikaye upesi msifuni kwa hilo, kwa jina lake halisi: semeni ameshika upesi. Neno "akili" liwekeni kwa siku atakayoleta swali ambalo halikuwamo katika somo. Mara moja moja waulizeni jambo ambalo ninyi wenyewe hamlijui, ili pasiwe na uso wa kusoma. Mwanafunzi akisema "sijaelewa" mbele ya wenzake 50 walioitika kwamba wameelewa, msimkemee. Huenda yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiutazama mto.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Jifunzeni, tena jifunzeni upesi kadiri mwezavyo: hesabu, sarufi, mizani, sheria za maabara. Mtu asiyefunzwa hubaki mtumwa wa ujinga wake. Lakini msidhani kwamba siku mtakayosifiwa kwa kutokosea ndiyo siku mtakayokuwa mmehitimu. Watu wa siku hizi wana msemo ambao wazee waliotunga methali ya nywele wangeufurahia: akili za kuambiwa, changanya na zako. Msemo huo haumwamrishi mtu azitupe za kuambiwa, wala haumruhusu azimeze kama zilivyo. Humtaka achanganye. Na siku ya kuchanganya ikifika, mbele ya meza yenu akiwa amesimama mtu mwenye hati ambayo haikuwamo katika orodha, hakuna mwalimu atakayekuwapo wa kuinua nyusi.